Tope la Alhamisi

Katika vijiji vilivyo juu ya Mitunguu, pale migomba inapoanza kuiachia mibuni nafasi, watu walijua saa kwa vitu vitatu: kengele ya shule, lori la maziwa, na Hezekiah Mutembei akiosha baiskeli yake. Saa kumi na moja na nusu jioni, mvua inyeshe au jua liwake, mzee alikuwa nyuma ya jiko lake, suruali imekunjwa hadi magotini, baiskeli imepinduliwa magurudumu juu, makarai mawili ya maji kando. Mkewe, Kagure, aliwahi kuwaambia akina mama wenzake wa kanisani kwamba katika boma lile yeye ni mke wa pili. Akina mama walicheka. Kagure naye alicheka, ila si kwa muda mrefu kama wao.

Kazi ya Hezekiah ilikuwa kupandisha ng'ombe. Ushirika wa maziwa ulimpa mbegu za fahali za kigeni ndani ya mtungi wa baridi, naye akaufunga mtungi kwenye kerea, kibebeo cha nyuma ya baiskeli, kwa mipira ya tairi kuukuu, akapanda vilima kwenda popote ng'ombe alipolia. Watoto walimwita Fahali wa Baiskeli. Hakuwakasirikia, maana nusu ya ndama wa vijiji vile walipitia mkononi mwake, na mtu hawezi kukana kazi yake.

Alianza kazi hiyo mwaka wa 1979 kwa blakmamba, zile baiskeli nyeusi nzito ambazo zilibeba mikungu ya ndizi, wagonjwa na maharusi bila kulalamika. Blakmamba haikuhitaji kuoshwa. Ilihitaji mtu mwenye mapaja. Lakini ulipofika mwaka wa 2008, magoti ya Hezekiah yakaanza kutoa hoja zao, akaenda Meru mjini kwa Hersi, mfanyabiashara aliyeuza baiskeli za mitumba karibu na msikiti, akarudi na baiskeli ya mlimani: gia ishirini na moja, tairi nene zenye meno, springi mbele, rangi ya buluu iliyokuwa bado na heshima. Kijiji kizima kikaiita Mauntini, na jina likashika.

Miezi minne ya kwanza alikaribia kuiua kwa mapenzi. Alikuwa akiimwagia cheni oili chafu ya gari, kama alivyofanya kwa blakmamba miaka yote, na vumbi jekundu la barabara zetu likaona limeandaliwa karamu. Oili na vumbi vikawa uji wa msasa. Meno ya gia yakalika, cheni ikawa inaruka mlimani na kumwangusha mzee mwenye watoto wakubwa mbele za watu. Aliirudisha kwa Hersi akiwa amekasirika.

Hersi aliinama, akapitisha kidole kwenye cheni, akakitazama. "Mzee, umeipaka mafuta kama chapati."

"Sasa si cheni inataka mafuta?"

"Inataka ndani. Ya nje ni chakula ya vumbi. Weka tone moja kila kiungo, zungusha pedali, halafu chukua kitambaa upanguse yote unaona. Ile huoni ndiyo yako."

Hezekiah aliyachukua maneno hayo kama mtu aliyeokoka. Tangu siku hiyo aliiosha Mauntini kwa utaratibu ambao mchungaji wake angeutamani ibadani. Kwanza brashi laini na maji ya sabuni kwenye fremu, akianzia juu ili uchafu ushuke wenyewe. Kisha mswaki wa zamani kwenye cheni na katikati ya meno ya gia. Maji hakuyarusha kwa nguvu hata siku moja, kwa sababu Hersi alimwambia maji ya nguvu huingia kwenye hab, kitovu cha gurudumu, na kufukuza grisi, na goroli zikikosa grisi husagana. Alipanguza, akaacha ikauke, ndipo akatia oili tone kwa tone, macho yameisahau dunia yote. Alizungusha kila gurudumu akitega sikio, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akatazama mpira wa breki umebaki unene gani. Akimaliza, aliigeuza, akaiegemeza ukutani, akaitazama. Huko kuitazama ndiko kulikomuudhi Kagure. Kuosha alikuwa anakuelewa.

Usafi huo haukuwa wa mapambo tu. Mtu anayeingia katika mazizi sita kwa siku anaweza kubeba magonjwa sita, na mwaka mmoja ugonjwa wa miguu na midomo uliposikika umeingia wilaya jirani, ni Hezekiah aliyesimama mbele ya kamati ya ushirika na kudai sheria: kila anayekwenda kutibu au kupandisha aoshe magurudumu na mabuti kwa maji ya magadi kati ya boma na boma. Mwenyekiti, Nyamu, mwalimu mstaafu aliyependa sheria hata zile asizozielewa, akaipitisha siku hiyo hiyo. Hezekiah ndiye aliyemfundisha Bundi sheria hiyo, Bundi kijana wa pikipiki ambaye ushirika ulimwajiri ili amsaidie mzee kwa njia za mbali. Bundi alikuwa mwepesi, mcheshi, na mchafu. Pikipiki yake ilikuwa na tope la tangu mvua ya vuli. Magadi alitumia, lakini nani angeamini, akiitazama?

Kulikuwa na tatizo moja dogo katika sheria hiyo, nalo ni la watu wetu. Kwetu, unaponawa unapotoka kwa mtu, umetoka matangani. Ukisimama langoni pa mwenyeji wako ukasugua mabuti na magurudumu, umemwambia kwake kuna kifo, na hatakuita tena hata ng'ombe wake akilia wiki nzima. Kwa hiyo Hezekiah hakuoshea langoni. Alikuwa akishuka au kupanda hadi pale njia inapovuka mfereji wa maji ya kumwagilia mashamba, mahali pasipo pa mtu, akachota maji, akakoroga magadi yake, akaosha. Hakuna aliyetukanwa, na ng'ombe walikuwa salama. Miaka mitatu ilipita hivyo.

Alhamisi moja ya Februari, asubuhi, alipigiwa simu na Misheck, mkulima wa bondeni kabisa. Alikwenda, akampandisha ng'ombe, kazi ya dakika kumi. Kwenye kona ya zizi alisimama mtamba mgeni, mate yanamning'inia hadi kifuani.

"Huyu umemtoa wapi?"

"Soko, Jumatatu," Misheck akasema. "Amekula mwiba. Nitautoa."

Hezekiah alimtazama yule mtamba. Alijua namna ya kuufungua mdomo wa ng'ombe na alijua angetafuta nini kwenye ulimi. Lakini simu yake ililia, naye akaipokea, na mdomo wa mtamba ukabaki umefungwa.

Ilikuwa sauti ya Igoki, mshonaji wa nguo aliyeishi juu kilimani na wajukuu wawili na ng'ombe mmoja wa maana, Rosi, aliyekuwa akitoa maziwa ambayo lori la ushirika lilikuwa likisimama kwa ajili yake peke yake. Rosi alikuwa na ndama wa miezi mitatu, na sasa alikuwa anataka fahali.

"Ndaktari, uko wapi? Rosi analia tangu jana jioni. Ikipita saa sita si nimekosa? Nimepigia Bundi, anasema anaweza kufika na dakika ishirini."

"Mwambie Bundi asisumbuke," Hezekiah akasema. "Mimi nakuja."

Wala si kwamba Bundi angeharibu kazi. Angeifanya sawasawa. Hezekiah alikuwa na miaka hamsini na tisa, na wiki iliyotangulia alimsikia mjumbe mmoja wa kamati akiuliza, bila ubaya, kama baiskeli bado ni chombo cha kazi. Swali hilo lilikaa kifuani pake kama ugali uliomezwa bila mboga. Alifunga mtungi, akakanyaga.

Alipofika penye mfereji, mfereji ulikuwa mkavu. Maji yalikuwa yamegeuzwa upande wa pili wa kijiji, kwa zamu ya watu wengine. Chini palikuwa na mchanga wenye unyevu na vyura wawili. Hezekiah alisimama na magadi yake mfukoni. Bomba la karibu lilikuwa shuleni, robo saa kurudi nyuma, robo saa tena kuja. Kati ya meno ya tairi zake kulikuwa na tope la kwa Misheck lililochanganyika na samadi, na chini ya mabuti yake vilevile.

Alisimama pale kwa muda ambao angekwisha kutembea nusu ya njia ya shuleni. Kisha akavunja kijiti, akakwangua tope lililoonekana, akasugua tairi kwa majani, akasugua mabuti, akarudi nyuma hatua mbili, akatazama. Mauntini iling'aa. Mtu yeyote angesema ni safi. Hersi asingesema, lakini Hersi alikuwa Meru mjini akiuza baiskeli.

Igoki alimpokea langoni akiwa na sindano imechomekwa kwenye blauzi. "Karibu, ndaktari, karibu. Ingiza baiskeli ndani isikae juani." Pikipiki ya Bundi ilikuwa ikiachwa nje ya lango, amri ya Igoki mwenyewe. Mauntini peke yake, katika vyombo vyote vya magurudumu, ndiyo iliyoruhusiwa ndani ya zizi. Hezekiah akaiegemeza mahali pake pa siku zote, kwenye hori alimokula Rosi.

Jioni hiyo aliosha kwa saa nzima na nusu. Alitumia magadi yote. Kagure alitoka mara mbili kumwita chakula kinapoa, na mara ya pili alisimama akatazama maji ya karai, yalivyokuwa meusi na yanavyonuka zizi.

"Leo umeleta uchafu mwingi nyumbani," akasema.

"Njia ilikuwa mbaya."

"Haijanyesha wiki mbili, Baba Mwendwa."

Aliendelea kusugua meno ya tairi moja moja, na ushahidi wote wa siku ile ukatiririka kwenye shina la mpapai.

Jumamosi Misheck alimuuza yule mtamba kwa mchinjaji wa kupita, akanyamaza. Jumanne Bundi alikwenda kwa Igoki kumpa ndama dawa ya minyoo. Ijumaa Rosi akaacha kula. Jumapili, watu wakitoka kanisani, mate yalikuwa yanamtoka, ulimi umechubuka kama nyanya iliyoiva kupita kiasi, kwato zimefunguka. Ndama wake alikufa Jumatano. Rosi hakufa, lakini kiwele kilikufa, na siku lori la maziwa lilipopita lango la Igoki bila kusimama, Igoki alikuwa amesimama pale na kibuyu kitupu kwa mazoea.

Mazizi manne mengine yakapata. Wakubwa wa mifugo wakaja, wakafunga soko, wakachanja, wakaondoka. Kisha kamati ikakaa, kwa sababu janga lisipopewa mwenyewe watu hawalali. Nani aliingia kwa Igoki? Hezekiah na Bundi. Nani aliingia karibu zaidi na siku ugonjwa ulipoonekana? Bundi. Na nani kati ya wawili hao ndiye anayeosha?

Hapo watu walicheka kidogo, hata katika hali ile.

Bundi alisimama. Alisema ya kwamba aliosha kwa magadi, na pikipiki aliiacha nje. Nyamu akamwambia aitazame pikipiki yake kupitia dirishani na awaambie wanakamati anaona nini. Bundi alitazama. Tope la vuli lilikuwa pale pale. Akaketi, na kuketi kule kukahesabiwa kuwa ni kukiri.

Hezekiah alikuwa kwenye kiti cha mbele. Alikuwa ameyapanga maneno: Alhamisi nilitoka kwa Misheck sikuosha. Maneno matano tu, mtoto wa chekechea angeyabeba. Nyamu alimgeukia akamuuliza kama ana la kuongeza, na mzee akafungua mdomo, akasema, "Kijana bado anajifunza." Ilisikika kama huruma. Bundi akafukuzwa kazi mchana ule.

Aliona aibu, na nisimfiche. Aliogopa pia, na woga wake ulikuwa wa mtu aliyepata kitu kimoja tu cha kujivunia duniani na sasa amekishika kwa kucha. Bila usafi ule, alikuwa nani? Mzee mwenye baiskeli. Kwa hiyo akaendelea kuosha, na sasa aliosha asubuhi na jioni. Alifungua hab ambazo hazikuwa na shida, akapaka grisi mpya juu ya grisi mpya. Alikaza spoki mpaka gurudumu likaanza kuyumba, akazilegeza tena.

"Umeanza lini kuosha kitu safi?" Kagure akamuuliza jioni moja, kwa sauti ya kawaida, akichambua mboga za nyeni kizingitini. Alimngoja ajibu. Brashi ikaendelea kusugua, naye akaingia ndani na mboga zake, na usiku ule akalala akiutazama ukuta.

Wiki sita baada ya mkutano wa kwanza ukaja mkutano mkuu wa mwaka. Wanachama walijaa kwenye ukumbi wa kanisa hadi madirishani. Nyamu alisoma ripoti ndefu, halafu akasema ushirika umeamua kumtunuku mtu mmoja kwa kulinda afya ya mifugo, na sote tunamjua, na kama tungekuwa wote kama yeye yaliyotokea yasingetokea. Wakaleta ndoo mpya, brashi mbili na cheti kilichowekwa kwenye fremu ya kioo. Waswahili husema jina jema hung'ara gizani. Hezekiah alitembea kuelekea mbele akiwa na jina jema kama hilo, na kila hatua ilikuwa nzito.

Hakuipokea ndoo. Aliomba kipaza sauti.

"Ni mimi," akasema. "Ugonjwa nimeuleta mimi. Alhamisi ile nilitoka kwa Misheck, kulikuwa na mtamba anatoka mate. Nilifika mferejini nikakuta hakuna maji. Sikuosha. Nilikwangua na kijiti. Nikaingia kwa Mama Igoki hivyo hivyo. Bundi hana makosa."

Misheck akasimama pale nyuma, akasema kwa upole kwamba kwake hakujawahi kuwa na ng'ombe mgonjwa, aulizwe yeyote, na kwamba mzee anataka tu kumfichia kijana aibu, jambo ambalo ni zuri. Mtu fulani akasema "Amen." Mwanamke mmoja akajifuta machozi. Nyamu alimwekea Hezekiah mkono begani, akawaambia wanachama: "Mmeona moyo wa mtu? Safi kama baiskeli yake." Wakapiga makofi. Walisimama wakapiga makofi.

"Nimesema ukweli," Hezekiah akasema, lakini kipaza sauti kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa. Alimtafuta Igoki kwa macho. Alikuwa kwenye safu ya tatu, hakupiga makofi, hakufanya lolote, mikono imelala juu ya mapaja yake. Huenda alikuwa akifikiri. Huenda alikuwa amechoka tu na mikutano inayomhusu ng'ombe wake.

Akaiacha ndoo pale mezani. Akapanda Mauntini, na badala ya kwenda nyumbani akachukua njia ya upande wa pili wa kijiji, kwa kina Bundi. Alijiambia kwamba hao wengine hawana haja ya kuamini. Wa kuamini alikuwa mmoja. Akishaamini huyo, mengine Mungu atajua. Alikuwa karibu kufurahi, akishuka ule mteremko, breki zake zikishika vizuri bila kelele.

Hakumkuta Bundi nyumbani. Mama yake alinyoosha kidole kuelekea kwenye mpaka wa shamba, na huko Hezekiah akamkuta amevua shati, anakata majani ya nepia na kuyafunga matita. Alikuwa amekonda. Alipomwona mzee akapanguza mikono kwenye suruali haraka, akampa mkono kwa kuinama, akamsalimu.

"Muga, mwalimu."

"Muga. Nepia yote hii ni ya nani? Nyinyi si mliuza ng'ombe wenu?"

"Ya Mama Igoki. Napelekea Rosi kila asubuhi na jioni." Akaangalia chini. "Hakuniuliza. Nilienda tu nikamwomba msamaha, nikaona magoti haitoshi."

Hezekiah aliiegemeza baiskeli kwenye mti. "Bundi, hukuleta ugonjwa wewe."

"Mwalimu, wacha. Nimesikia huko kanisani wamesema unanibebea. Watu wamenipigia simu. Mungu akubariki, kweli. Lakini ni mimi. Nimekaa nikafikiria kila pahali nilipita wiki hiyo. Kuna siku nilipita soko. Kuna siku magadi ilikuwa kidogo. Lazima ni hiyo siku."

"Sikiliza. Nilitoka kwa Misheck, Alhamisi. Mtamba wake alikuwa anatoka mate, nikamwona na macho yangu. Nikafika pale njia inavuka mfereji, nikakuta maji hakuna."

"Mfereji hauwezi kosa maji Februari," Bundi akasema, bado anamhurumia mzee. Kisha uso wake ukabadilika polepole, kama mtu anayehesabu jambo upya na kupata jumla nyingine. "Alhamisi," akasema. "Alhamisi ilikuwa zamu yetu. Maji nilifungua mimi mwenyewe, asubuhi, kabla niende kazi. Nikaleta yote huku."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo chini hakukuwa na maji."

"Hakukuwa."

"Na hukurudi shule kwa bomba."

"Sikurudi. Mama Igoki alikuwa amekuita wewe. Nilitaka nifike mbele yako."

Bundi aliitazama Mauntini. Aliitazama muda mrefu, kuanzia usukani mpaka kwenye cheni iliyokuwa kavu kwa nje na laini kwa ndani, hata kwenye meno ya tairi, ambamo hapakuwa na chembe ya kitu. Hezekiah alikuwa amekuja kuaminiwa, na sasa alipoona anaaminiwa alitamani kwa moyo wake wote kijana amwite tena mwalimu, hata kama ni mara moja.

"Wewe ulikuwa umekaa mbele," Bundi akasema. "Ile siku. Walikuuliza."

"Waliniuliza."

Kijana akainama, akamalizia kulifunga tita alilokuwa ameanza, akavuta kamba mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Aliongea akiwa bado ameinama, si kwa ukali.

"Wiki sita nimeomba Mungu anisamehe kwa kuua ndama ya watu. Kila usiku. Nikaona ananisamehe kidogo kidogo." Akajitwika tita kichwani. "Sasa nimwombe nini?"

Akaanza kupanda kwenda kwa Igoki na nepia yake, maana Rosi alikuwa hajala. Hezekiah alibaki pale mpakani ameshika usukani, na hakuna aliyemwambia karibu wala kwaheri.